Mtafiti Aliyeacha Damu Yake Kazini

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa maabara mliokuja na basi la kazini, aliyepaswa kusoma haya ni kaka yetu mkubwa, ila sauti imemkataa tangu jana, kwa hiyo nasoma mimi, fundi wa friji, mdogo wake marehemu niliyempokonya ziwa la mama, na nitayasoma kama yalivyo, bila kutia chumvi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa tatu kati ya watano, baba yetu akiwa fundi cherehani, na mama, ambaye tunaye hapa, akiwa mpishi wa shule, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali, ukimwambia maji yamechemka anataka kujua yamejuaje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977 na kuimaliza mwaka 1983, na kuna jambo la wakati huo ambalo familia imekubali lisemwe, kwamba siku ya chanjo alijificha stoo nyuma ya madawati mabovu mpaka wauguzi wakaondoka, ikabidi mama ampeleke hospitali mwenyewe akiwa amemshika mkono kama mwizi wa kuku, maana dada yetu aliogopa sindano kuliko fimbo. Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1984 hadi 1989, akaendelea na chuo kikuu, akahitimu shahada ya biolojia mwaka 1994 na ya uzamili mwaka 1997.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa saratani ya damu, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha yasiyofunguliwa na mashine zinazovuma mchana kutwa, akabaki humo mpaka mwisho, na kwa kuwa watu walisikia anafanya kazi na damu, majirani walimletea masikio ya watoto na magoti ya wazee, akawa anawaeleza kwamba yeye hatibu mtu, yeye anatazama chembe za damu kwenye hadubini, nao wakaenda zao wakisema ana maringo. Sisi nyumbani tulimwita Profesa, cheo ambacho hakuna chuo kilichowahi kumpa.

Kazi yenyewe, kama alivyonieleza mara nyingi mpaka nikaacha kujifanya nimeelewa na nikaelewa kweli, ni kwamba chembe nyeupe za damu ndizo walinzi wa mwili, lakini saratani hii huota kwa walinzi haohao, kwa hiyo wenzao huipita bila kuishuku, kama mwizi aliyevaa sare ya lindo, na watafiti huchukua chembe za mtu mwenye afya, wakazifundisha kuitambua saratani, kisha wakaziweka nayo kwenye kisahani kimoja na kutazama nani atamshinda mwenzake. Kutokana na tafiti za namna hiyo wapo wagonjwa waliopona, na wapo ambao hawakupona, na marehemu aliwataja wote kwa sauti ileile.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa mwaka 2006, ambaye anasomea uuguzi. Shemeji anasema aliwahi kuona alama ya sindano kwenye mkono wa mkewe, akauliza, akajibiwa ni mambo ya kazini, naye akaliacha hapo.

Mambo hayo ya kazini tumeyajua juzi. Damu ya mtu mwenye afya haiokotwi njiani, kwa hiyo wale watafiti wana desturi ya kutoana damu wao kwa wao, na dada yetu, mtoto wa stoo, alikunja mkono wa gauni lake kwa takriban miaka ishirini, na muuguzi wao ametuambia kwamba siku zote aligeuza uso ukutani na kuomba asiambiwe sindano inaingia lini. Chembe zake zilipendwa kwa sababu ukizigandisha na kuziyeyusha huamka na kuendelea kukua, wakati za wengine hugoma.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akaacha kutoa, na ingawa alipewa vidonge vya kila siku, alivimeza alipokumbuka, mganga hajigangi, na mimi nimemkasirikia sana kwa vidonge vile, nasema hivyo mbele ya jeneza lake kwa sababu nilimpenda. Tarehe 6 Machi mwaka huu alianguka bafuni, hospitali wakasema ni kiharusi, na alfajiri ya tarehe 11 Machi alifariki dunia akiwa na mumewe.

Siku iliyofuata mkuu wa maabara alikuja msibani, akakaa na familia, akaeleza kwamba vichupa vya chembe za marehemu bado vimo kwenye tangi lao la baridi kali, na kwamba taratibu zinawaruhusu kuendelea navyo, lakini hatakuwa na amani asipotuuliza. Mimi nilisema virudishwe vizikwe naye, kwa kuwa mtu hazikwi nusu, kaka mkubwa akaniunga mkono, shemeji akasema hawezi kuamua, na ndipo mama akamwuliza yule mkuu kama hizo chembe zimekufa, akajibiwa hapana, zimelala, zikipata joto zinaamka. Mama akasema amemzika mumewe, na kesho kutwa anamzika mwanawe, lakini kitu kilicho hai hajawahi kukizika, wala hataanza na cha binti yake. Basi mimi na kaka tukaliondoa neno letu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, pamoja na wale waliomwona ana maringo, ambao nao tumewaona hapa, na wafanyakazi wenzake, ambao tunawaomba jambo moja, walitunze lile tangi.

Dada, tunakuzika pungufu, kwa idhini ya mama. Wewe umechoka, pumzika kwa amani, hayo mengine yaache yaendelee na kazi.