Kwa Nini Kaka Yetu Hakuzikwa Ihanda

Ndugu waombolezaji, mimi ni Anatolia, dada wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa karatasi hii niisome ingawa tangu Alhamisi akili yangu haijanirudia. Tangu asubuhi mnanong'ona mkiuliza kwa nini tuko hapa Chonyonyo badala ya nyumbani kwake Ihanda, kwenye kibanja alichokipanda mgomba kwa mgomba, nami nitawajibu, lakini acheni nianze mwanzo.

Marehemu Gaudiosus Mutalemwa alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Machi 1941, akabatizwa, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1955, akaacha kwa sababu baba alitaka mtu wa kuchunga ng'ombe, naye hakubisha, maana kubishana hakukuwa tabia yake mpaka ile bohari ya mafuta ilipokuja kumfundisha. Tarehe 17 Julai 1965 alifunga ndoa na wifi yangu Kokwijuka, wakahamia Ihanda, wakajaliwa watoto watano, kitinda mimba akiwa Evangelina, aliyezaliwa mwaka 1974, yule pale ambaye hata kulia hawezi.

Mapema mwaka 1979, wakati wa vita, bohari ya mafuta ilijengwa mlimani juu ya kibanja chake, na kaka yetu akawa kibarua wa kuchimba mashimo ya kuzikia matangi, kazi aliyojivunia kupita kiasi, akatuchosha masikio kila Krismasi kwa habari za matangi yake. Vita ikaisha, matangi yakaendelea kutumika huku yakizeeka humo ardhini, na mwaka 1994 malori ya kuhudumia wakimbizi yalipoanza kupita, matangi hayo yakajazwa tena mpaka juu. Mwaka huo huo migomba ya upande wa bohari ikaanza kunyauka, maji ya kisima yakaja na utando unaong'aa, akapanda kuwaambia watu wa bohari, wakamjibu kwamba ni wadudu wa migomba, na kuhusu maji, achote kwingine. Alipanda tena mara nyingi, na safari ya mwisho hawakumfungulia lango.

Ugonjwa hakuugua, jamani, na hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa. Alhamisi tarehe 10 Agosti 1995 alikuwa anaivisha ndizi za pombe ya harusi ya Evangelina, kama baba alivyotufundisha sote, shimo limechimbwa, limetandikwa majani makavu, mikungu imepangwa na kufunikwa udongo, umebaki ule moto mdogo wa pembeni wa kuingiza moshi. Nani kati yetu hajawahi kuwasha moto huo? Harufu ya mafuta pale kwake ilikuwa ya kila siku, hakuna aliyeijali tena, akawasha, shimo likalipuka, udongo na ndizi vikaruka juu ya paa, kwa kuwa petroli ilikuwa imeshapenya chini kwa chini hadi humo. Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 13, akiuliza kama ndizi zimeiva.

Jana vijana walichimba kaburi nyuma ya nyumba yake, pale alipopachagua mwenyewe, na walipofika kina cha kifua harufu ile ikapanda, makoleo yakatoka na udongo unaonuka petroli, mmoja wao akatolewa anatapika. Tumelifukia tupu. Mtu aliyelima pale miaka thelathini amekosa pa kulala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, vibarua wenzake wa zamani, na ninyi majirani wa Ihanda mliokaa nasi matanga bila moto, mkapika makwenu na kutubebea vyungu, kwa kuwa pale hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti. Tunamshukuru pia msimamizi wa bohari kwa lori lililoleta jeneza, likiwa limejazwa mafuta kutoka matangi yale yale, na kama yupo hapa, wifi yangu anaomba kumuuliza jambo moja tu, kwamba leo tukitawanyika, yeye na wanawe warudi wapi.

Kaka Gaudiosus, hapa kwa baba udongo haunuki, nimeunusa mwenyewe asubuhi, pumzika kwa amani.