Mama Mara Tatu: Maisha ya Kasyoka Ndululu, 1946–2025

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Matinyani, Kitui, tarehe 14 Agosti 1946, akiwa kifungua mimba wa Mzee Ndululu na Mama Kalekye. Aliitwa Kasyoka, yaani aliyerudi, kwa sababu baba yake alikuwa amerudi kutoka vitani wakati watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kumlilia. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mara Tatu, mkadhani ni utani wa wateja wake. Mwaka jana, akiwa na akili zake timamu, alituagiza kwamba siku ya kuzikwa kwake tueleze jina hilo lilitoka wapi, na tusifiche kitu. Tunatii.

Huwezi kumwelewa Kasyoka bila kumwelewa baba yake. Ndululu na rafiki yake Kyule, kijana wa boma la jirani, walichukuliwa na jeshi la Mwingereza katika kikosi cha kazi wakapelekwa Misri. Mwezi wa Oktoba 1943 walivushwa hadi Leros, kisiwa kidogo cha mawe katika bahari ya Wagiriki, kupakua masanduku ya risasi. Alfajiri ya tarehe 12 Novemba Wajerumani walikuja na mashua kutoka pande mbili, huku ndege zao zikipiga mabomu. Mchana wengine walishuka na miavuli katikati, pale kisiwa kilipo chembamba, wakakikata vipande viwili. Mzee alikuwa akisema kwamba mtu wa Ukambani akiogopa hukimbia, na si aibu, lakini kisiwani utakimbilia wapi? Kila upande unaokimbilia, unafika baharini.

Siku ambayo kisiwa kilianguka, Ndululu na Kyule walikuwa wamejificha ndani ya tangi la maji lililochimbwa chini ya ardhi, limekauka, midomo imewapasuka kwa kiu. Wakasikia sauti juu yao, na sauti hiyo ilisema Kiswahili. Iliwaita ndugu, ikawaambia watoke, vita imeisha, maji iko. Miongoni mwa Wajerumani wale alikuwemo mtu aliyekulia Tanganyika kwenye shamba la mkonge, lakini wao wangejuaje? Mbali na nyumbani vile, anayekuita kwa lugha yako ni mtu wako. Kyule aliitika mara ya kwanza tu akapanda juu. Ndululu alingoja kusikia bunduki, na hakusikia kitu. Baadaye jina lake likaitwa kutoka nje: Ndululu. Likaitwa tena: Ndululu. Kisha kimya. Alibaki humo mpaka wenyeji walipomtoa na kumvusha kwa mashua ya wavuvi hadi Uturuki. Kyule hakurudi, na kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee alirudi Matinyani, akaoa, akachimba shimo nyuma ya ghala la mahindi. Kila ndege ilipopita kwenda Nairobi, alikusanya watoto akawaingiza humo. Kasyoka alikuwa na umri wa miaka mitano aliposhikwa mdomo na mkono wa baba yake gizani kwa mara ya kwanza, na alituambia kwamba hakuogopa ndege hata kidogo. Aliogopa ule mkono, kwa sababu ulikuwa ukitetemeka. Hapo ndipo alipofundishwa sheria ya nyumba ile, yeye na mdogo wake Musembi: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Adui hana muda wa kuita mara tatu, Mzee alisema, bali mtu wako ataita mpaka umwitikie.

Mwaka 1954 Kasyoka alianza masomo katika shule ya kanisa hapo Matinyani. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuita majina akiwa amewapa watoto mgongo, anafuta ubao, uso wake hauonekani. Kwa hiyo muhula wote wa kwanza Kasyoka alihesabiwa kuwa mtoro, naye ameketi dawati la mbele na sare safi. Mzee Ndululu alipoitwa kujibu mashtaka, alimsikiliza mwalimu kwa heshima, kisha akamwomba kitu kimoja tu: mtoto huyu aitwe mara tatu. Mwalimu alicheka. Mzee alipomweleza sababu, aliacha kucheka, na tangu siku hiyo Kasyoka aliitwa mara tatu hadi alipomaliza darasa la saba. Katika hesabu alikuwa hodari. Kuimba kulimshinda kabisa, na waliokaa naye kwenye kwaya wanaweza kushuhudia.

Baada ya shule alijifunza ushonaji mjini Kitui. Hapo ndipo Gedion Muindi, kijana mwenye duka la vipuri vya baiskeli Sultan Hamud, alipomwona na kumpenda. Alipofika Matinyani kujitambulisha alipiga hodi mara moja, akanyamaziwa, akapanda gari akarudi kwao akijua amekataliwa. Ilibidi shangazi mmoja amfuate kumfunza adabu za boma lile. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1969. Mchungaji alimwuliza Kasyoka kama anamkubali Gedion, akakaa kimya. Akamwuliza tena, kimya, na watu wakaanza kunong'onezana huku bwana harusi akilowa jasho ndani ya suti ya kuazima. Mara ya tatu akasema ndiyo, tena kwa sauti. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sana siku ile, na ulimi wake ukiogopa ulimtii baba yake.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Mbinya, Nzilani na Mutinda. Kasyoka aliweka cherehani yake nyuma ya duka la mumewe, akashona sare za shule na magauni ya harusi kwa zaidi ya miaka thelathini. Wateja walijifunza kupiga hodi mara tatu, na wenye haraka walienda kwa jirani. Jina la Mama Mara Tatu lilizaliwa hapo barabarani na likamfuata hadi Salama, ambako yeye na Gedion walinunua shamba na kujenga nyumba tuliyotoka asubuhi hii. Alicheka na waliomtania. Lakini sisi wa nyumbani tuliona kwamba kila mtu alipoita kutoka nje, mkono wa kulia wa Mama ulienda mdomoni wenyewe.

Septemba 1984 kulikuwa na ukame ambao wazee hapa hawahitaji kukumbushwa. Mto wetu ulibaki mchanga mtupu, na ili kupata maji ilibidi kuchimba shimo refu kumzidi mtu. Mbinya, aliyekuwa na miaka tisa, alishuka shimoni kuteka kwa kata, na mama yake akaenda kumfunga punda pembeni. Kasyoka akasikia, "Mama." Sauti ilitoka chini ya ardhi, haina mwenyewe. Akasimama. Ikaja tena, "Mama," ndogo kuliko ile ya kwanza. Alituambia kwamba alijua ni sauti ya mtoto wake, alijua kabisa, na bado miguu ilikataa, mkono uko mdomoni, anangoja. Mara ya tatu haikuja.

Alikimbia. Ukuta wa shimo ulikuwa umeporomoka na mchanga umemfunika mtoto hadi juu ya pua. Alichimba kwa mikono huku akipiga mayowe, na majirani walipofika walimkuta ameshatoa kichwa, kucha zake mbili zimeng'oka. Mbinya alikohoa mchanga, akalia, na mama yake akamshika uso akamwambia maneno ambayo Mbinya ameyabeba miaka yote hii: "Mbinya, usiniite tena mara mbili. Ukiniita mara moja, nimekuja."

Wiki hiyo hiyo alienda Matinyani na mikono yake imefungwa vitambaa, akamweleza baba yake yote. Mzee naye alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata Mama Kalekye. Ile sauti iliyoita jina lake kule kisiwani haikuwa ya Mjerumani.

"Ilikuwa ya Kyule," alisema. "Niliijua. Aliniita mara mbili, mimi nikangoja ya tatu."

Kama Kyule alikuwa akiomba msaada, au alilazimishwa kumtoa mwenzake, Mzee hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomtetemesha mkono miaka arobaini. Siku iliyofuata baba na binti walitembea hadi boma la Kyule, Mzee akalisema hilo mbele ya ndugu za Kyule. Hawakumfukuza. Walimpa kiti na maji. Mzee alifariki mwaka 1991, na tangu hapo kila Desemba Kasyoka alipeleka nguo mpya kwa watoto wa boma lile, amezishona mwenyewe.

Tusiwadanganye kwamba hofu ilimtoka. Wageni waliendelea kuita mara tatu, na akina Mutinda wanajua kulala mlango umefungwa kwa makomeo mawili na jiwe. Ila watoto wake walipoita, na baadaye wajukuu, aliitika kabla jina halijaisha. "Niko," alikuwa akisema, hata akiwa msalani, hata ibada ikiendelea. Ilikuwa kazi ngumu kwake kila mara, na aliifanya kila mara, na kwa hilo tunamshukuru kuliko kwa kitu kingine chochote.

Baada ya kumpoteza Gedion mwaka 2011 aliacha cherehani. Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na sukari na presha, akahudhuria kliniki bila kukosa, ingawa Mbinya ndiye aliyemwitikia kila jina lake liliposomwa kwenye foleni. Januari mwaka huu miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitalini. Aliomba arudishwe nyumbani. Siku za mwisho aliogopa, na hakutuficha. Alimwuliza mchungaji kama huko aendako kuna bahari, na mchungaji, Mungu ambariki, alimjibu kutoka Ufunuo kwamba bahari haitakuwako tena. Usiku ule alilala vizuri.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 Mbinya aliingia na uji. Akaita, "Mama." Alisimama pale, kisha akaweka kikombe mezani, akaketi kitandani. Hakuita tena. Nzilani alimsihi ajaribu, huenda amelala tu, lakini Mbinya alitikisa kichwa, kwa maana tangu siku ya mchanga hakuwahi kungojeshwa.

Mchana alifika Musembi kutoka Matinyani, ndugu yake wa pekee, aliyeshikwa mdomo pamoja naye katika shimo moja. Alivua kofia, akasimama mlangoni, akaita, "Kasyoka." Akaita tena, "Kasyoka." Tulimwona Musembi akifungua mdomo mara ya tatu, akaufunga. "Ya tatu si yangu," alisema, akatoka nje.

Marehemu ameacha watoto wake Mbinya, Nzilani na Mutinda, ndugu yake Musembi, wajukuu tisa na vitukuu wanne, wa mwisho akiwa Kasyoka mdogo wa miezi mitatu. Ameacha pia jamaa wote wa boma la Kyule, walioketi nasi leo mstari wa mbele kama alivyotaka. Tunawashukuru majirani wa Salama, kanisa, na marafiki wa Sultan Hamud.

Mama, sisi tumekuita mara mbili, tukakoma hapo. Atakayekuita mara ya tatu unamjua, wala si adui. Pumzika kwa amani mpaka aite, kisha usiogope, umwitikie.