Mwalimu Aliyekosea Makusudi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, siku ya manyunyu yasiyokatika, akiwa kitinda mimba wa baba mwashi na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1972 akahitimu chuo cha ualimu.

Kuanzia Januari 1973 hadi alipostaafu Desemba 2012 alifundisha darasa la pili kusoma. Mapema aligundua kuwa ukiwauliza watoto "Mmeelewa?" wote huitikia "Ndiyo", hata aliyekuwa anasinzia. Akaacha kuuliza. Aliwasomesha hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya mbuzi aliyekula kofia ya mwashi, kisha akawafungisha vitabu na kuisimulia vibaya makusudi.

"Basi mbuzi akaomba radhi kwa sababu ameshiba."

"Siyo, Mwalimu. Ni kwa sababu mwashi alichomwa na jua."

Wakambandika jina la Bi Kosa. Mzazi mmoja alikwenda kumshtaki kwa mwalimu mkuu: "Huyu hata hadithi yake mwenyewe haijui." Mwanawe akamvuta kanga. "Mama, wewe hujaisoma."

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja kupima mapazia ya darasa lake. Fundi alipojikakamua na kuchumbia, alijibiwa, "Kwa hiyo unatafuta wa kukushikia futi." Ikabidi aeleze upya, taratibu, mpaka ikaeleweka.

Tarehe 3 Juni 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito. Daktari alisema, "Anasikia. Kama anaelewa, tusubiri." Fundi hakuweza kusubiri. Alikuwa amezoea kuongea na mtu, si kuongea peke yake. Jioni alikuja na kile kitabu cha hadithi ya mbuzi, akasoma kwa sauti, akakifunga, akaanza kusimulia.

"Mbuzi akala kofia, akaenda zake."

Fundi akamwinamia, akaongeza kosa jingine.

"Na mwashi akafurahi sana."

Kidole cha mkono wa kushoto kikagonga kitanda. "Si... yo."

"Siyo nini, mke wangu?"

"Jua."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Marehemu alirudi nyumbani, akaendelea kuwasomesha wajukuu barazani, kwa maneno machache. Alifariki usingizini tarehe 11 Februari 2024. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi wengi ambao leo nao ni wazazi. Mungu amlaze salama.

Fundi ameomba isomwe mwisho habari ya asubuhi iliyofuata ile jioni ya "Jua", pale hospitalini. Alimkuta marehemu ameamka, miwani usoni, kitabu kifuani. Marehemu akakifungua, akapitisha kidole polepole mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akakifunga, akamwekea mumewe mapajani, akamnyooshea kidole ili asimulie tena, safari hii bila kukosea.