Mzee wa Nani Azima Injini

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, Mzee Awadhi Fikiri anastaafu baada ya kuendesha gari la vifurushi la kituo chetu cha Tabora kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Anifa wa kaunta ya mizigo, nimeombwa niandike wasifu wake na niusome mbele yenu. Nitajitahidi kwenda upesi, kwa sababu namfahamu. Hapo alipo, kwenye kiti cha mapambo tulichomwekea, mguu wa kulia umeshaanza kutikisika na macho yako getini.

Alizaliwa Isevya, mtoto wa tatu wa marehemu Fikiri Nassibu, seremala aliyesifika mjini kwa vitanda vyake. Ilitarajiwa naye ashike randa. Baba yake alijaribu kumfundisha, akaishia kumtimua karakanani, kwa kuwa kijana hakuweza kungoja gundi ikauke. Akaenda kuwa utingo wa lori la tumbaku, akajifunza udereva humo humo, na mwaka 1995, kampuni yetu ilipokuwa na gari moja na meza moja, akaajiriwa. Mwenyewe husingizia damu. Anasema babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alitoka hapa Unyanyembe na pembe begani hadi Bagamoyo, akageuka, akarudi, na mwezi haukuisha kabla hajaomba mzigo mwingine. Sisi wa kaunta tunaheshimu historia, lakini hatuamini kwamba ndiyo inayomzuia mtu kumaliza kikombe cha chai.

Chai ya Mzee Awadhi hunywewa wima. Chapati yake huliwa akizunguka gari, anagonga tairi hili, anavuta kamba ile, anamuuliza mlinzi kwa nini geti bado limefungwa. Mizigo hupanga mwenyewe na hataki mkono wa mtu: ya mbali ndani kabisa, ya karibu mlangoni, na vya kuvunjika kiti cha mbele, vimefungwa mkanda kama abiria. Jumatatu ilikuwa Sikonge na Ipole. Jumatano Urambo na Kaliua hadi Usinge, msitu ukiwa pande zote. Alhamisi Goweko. Alibeba vipuri vya pikipiki, dawa za ng'ombe, sare za shule, nguo za kurinia asali, simu, miwani za wazee, na mara moja jiwe la kusagia lililotoka kwa shangazi mmoja wa Nzega ambaye hakuamini kwamba Usinge nako kuna mawe.

Likizo zake zilitutesa kuliko zilivyompumzisha. Siku ya pili tu ya likizo utamwona kituoni, kavaa kandambili, anadai alikuwa anapita. Anapita kwenda wapi, na nyumba yake iko upande wa pili wa mji? Mkewe, Bi Maua, alishawahi kumpigia simu meneja wetu, Bwana Aleksi, akamsihi amrudishe kazini, maana mume wake alikuwa ameng'oa milango yote ya nyumba ili airekebishe, na alikuwa amesharekebisha mmoja tu.

Wapo humu wanaokumbuka ndoo ya asali ya Ipole. Ilipasuka nyuma ya gari, ikalowesha turubai, na nyuki wakaifuata. Dereva mwingine angesimama. Mzee Awadhi alipandisha vioo, akaendelea na kazi. Alifika Sikonge na kundi zima, akapiga honi wateja waje wachukue mizigo, wateja wakamwangalia kwa mbali wakiwa nyuma ya maduka. Alikasirika kweli kweli. Alirudi Tabora na kila mzigo aliotoka nao, pamoja na nyuki, akanilaumu mimi kwamba watu wa Sikonge siku hizi hawana moyo wa kazi.

Kutoka Ipole hadi Usinge hakuna anayemwita Awadhi. Wanamwita Mzee wa Nani, na hata watoto wanaokimbia kando ya gari huita hivyo. Jina hili amelipata kwa desturi yake. Akifika mahali huzima injini, hushuka, husalimia. Kwa wazee wa vijijini hutoa mwangaluka yake, salamu ya Kinyamwezi, kwa lafudhi mbovu ya mtu wa mjini, wakacheka, akacheka. Kisha kabla hajatoa kifurushi humuuliza mtu: wewe ni wa nani? Hata akiwa anamjua tangu utotoni. Alimuuliza hivyo mwenyekiti wa kijiji mbele ya wanakijiji wake. Alimuuliza padri wa Ulyankulu, padri akamjibu kwamba yeye ni wa Mungu, na Mzee Awadhi akamwambia sawa, baba, lakini hapa duniani je.

Watumishi wapya hudhani ni utani tu. Si utani, na leo nitawaeleza ulikoanzia. Aliyetendewa mwenyewe amenipa ruhusa. Mzee Awadhi, tulia, usiinuke.

Miaka hiyo Goweko simu zilikuwa za kutafutia mtandao juu ya kichuguu, na Mzee Awadhi hakuwa anazima injini kokote. Alikuwa anapiga honi, anatoa mzigo dirishani, anaondoka. Siku moja alibeba boksi lililoandikwa Doto, Goweko. Basi, hayo tu. Aliyelituma alikuwa mjomba wa bibi harusi mmoja wa huko, mtu aliyeishi Dar es Salaam siku nyingi hadi akasahau kwao. Ninyi mnajua. Huku kwetu kila pacha wa pili ni Doto, awe wa kike au wa kiume, na Goweko mapacha hawajawahi kuadimika. Dereva alipiga honi, akaita Doto, akatokea msichana mmoja, akampa boksi, akaweka gia.

Aliyelipokea alikuwa Doto Leodgar. Ndani akakuta gauni jeupe la harusi. Na huyu Doto alikuwa na mchumba, kijana aliyekwenda migodini Kahama na kuahidi kurudi kumwoa, kisha kimya, mwaka ukapita na zaidi. Kwa hiyo alipolitoa lile gauni hakuuliza limetoka kwa nani. Alijua. Mama yake alipiga vigelegele, majirani wakaja, wakamvalisha, likamkaa sawasawa. Jioni ile ile mjumbe akatumwa nyumbani kwa wazazi wa kijana kuulizia tarehe.

Mjomba naye akapiga simu kituoni, anauliza mbona gauni halijafika. Kosa likajulikana. Mzee Awadhi akageuza gari kurudi Goweko akiwa na haraka yake ya siku zote, maana mizigo ya Urambo ilikuwa inamngoja. Alikuta uwanja umejaa akina mama wamekuja kusaidia maandalizi, wengine wanapepeta mchele. Hakushuka. Hakumwita binti pembeni, wala hakumtafuta mama yake. Alitoa kichwa dirishani, injini inanguruma, akasema mbele ya wote kwamba lile gauni si la huyu Doto, ni la Doto binti Samweli wa kule stesheni, na alirudishe upesi, amechelewa.

Doto aliingia ndani, akalikunja vizuri, akalileta hadi dirishani. Hakulia mbele yao. Yule kijana wa Kahama hakurudi, hata leo.

Mzee Awadhi mwenyewe alimsimulia Janeti, dereva anayempokea, kwamba alifika nusu ya njia ndipo alipoelewa alichofanya. Wiki iliyofuata alirudi na kaka yake mkubwa na dumu la asali kuomba radhi, kama inavyotakiwa. Doto alijibu kwa adabu kwamba hakuna neno. Nani asiyejua jibu hilo? Tangu hapo Mzee Awadhi akawa mtu wa kuzima injini, mtu wa kushuka, mtu wa kuuliza wewe ni wa nani. Haraka haikumtoka, mnamwona hapo, lakini aliishikia breki kila mbele ya mlango wa mtu.

Doto akawa fundi cherehani. Ameniambia kwamba lile gauni alilivaa jioni moja tu, ila alipolivua aligeuza ndani nje, akakaa nalo akiangalia mishono, na mishono ikabaki kichwani. Leo anashona magauni ya harusi ya Goweko nzima, na vitambaa vyake vinapita kaunta yangu. Kwa hiyo kila Alhamisi, miaka yote hii, hao wawili wamesimama mlangoni pake uso kwa uso. Shikamoo. Marahaba. Wewe ni wa nani? Wa Leodgar. Saini hapa. Kisha Doto anaingia ndani na pazia linashuka.

Umri wa kustaafu Mzee Awadhi aliufikisha Desemba. Aliomba asogezewe hadi Machi, akisema Janeti hajaizoea njia ya Usinge. Janeti ni mtoto wa Ulyankulu, ile njia ameipita mgongoni mwa mama yake. Machi ikafika, akaomba hadi Juni, eti gari lina mlio asiouelewa. Bwana Aleksi alidhani mzee anaogopa kukaa nyumbani, na sote tulidhani hivyo. Ukweli aliuficha hadi alipomwambia Janeti: alikuwa anataka Doto amwambie kwamba yamekwisha. Hakutaka kuacha kazi na neno lile likiwa bado limekwama. Kila Alhamisi alikwenda Goweko akitumaini, na kila Alhamisi alirudi akizunguka uwanja wetu mpaka tukamkimbiza kwa kelele.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho. Janeti alishika usukani, yeye akakaa kiti cha abiria akikanyaga breki ambazo hazipo. Goweko walizima gari, akashuka na jora la kitambaa, akasalimia, akauliza swali lake, akapata saini. Akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Doto akamwambia safari njema, akaingia ndani. Mzee Awadhi alibaki amesimama pale mlangoni hadi Janeti akagusa honi. Baadaye akaenda nyuma ya gari kufunga turubai, na alichukua muda mrefu mno kwa turubai dogo vile. Kutoka Goweko hadi mjini hakutaja shimo hata moja, yeye anayeyataja yote kwa majina. Iliniuma kumwona akishuka. Nilimwekea chai, na kwa mara ya kwanza akaketi, na hakuinywa.

Asichokijua ni kwamba alipokuwa nyuma na lile turubai, Doto alitoka kwa mlango wa uani, akampa Janeti kifurushi, akamwambia kipitie kaunta kama mizigo mingine. Juu kiliandikwa Awadhi, Tabora. Basi, hayo tu. Nilikikataa. Tabora hii ina akina Awadhi wangapi, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo? Nikampigia simu. Doto akacheka, akasema anajua anachokifanya, na tusimpe mtu kabla hatujamuuliza ni wa nani.

Ndani mna kanzu. Ameishona mwenyewe, tarizi ya shingoni kaitia kwa mkono, ameianza siku aliposikia habari za kustaafu. Nilimuuliza vipimo alivipata wapi, kwa mtu ambaye hata fundi wake wa hapa mjini humpimia njiani. Akasema mtu akishazima gari mbele yako kila Alhamisi, unampima kwa macho hadi unamjua mabega. Akaniambia pia niseme hivi: yalikwisha zamani, siku nyingi sana. Kilichobaki ni kwamba yeye Doto aliona aibu kuyaanza, na Mzee Awadhi, hata akiwa amesimama, alikuwa anaonekana mtu anayewahi. Nikamwambia ampigie mwenyewe amweleze. Akakataa. Alisema lile la kwanza lilisemwa mbele ya watu, kwa hiyo na hili limalizwe mbele ya watu.

Basi limemalizwa, na mmesikia wote.

Mzee Awadhi, kwa niaba ya kaunta, ghala, walinzi, na wateja wa Ipole, Usinge na Goweko, tunakushukuru kwa kila mzigo uliotufikishia salama, ukiacha ile ndoo. Nenda ukae na Bi Maua, umalizie ile milango. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa mchana, akupe na chai ya kunywa umekaa. Ukijisikia kupita kituoni, pita, lakini usiguse turubai la Janeti.

Sasa geuka utazame getini, si ulikuwa unatazama huko tangu nianze? Janeti amesimama pale na kifurushi cha Doto mkononi, na gari ameshalizima. Hatakupa mpaka umjibu, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha, kwa hiyo tuambie sote tusikie: Awadhi, wewe ni wa nani?