Maziwa ya Kushikilia Mimba

Wa msikitini nawasalimu kwa amani, wa kanisani pokeeni sifa za Bwana, na wazee wangu wote shikamooni. Na kwa Kigogo chetu, mbukwenyi! Asanteni. Mwenyekiti wetu wa mtaa ameniomba kwa muda mrefu nizungumze, nami nikawa nakwepa. Leo nimesimama. Mkiona nimenyamaza katikati, nivumilieni, kwa sababu jambo lenyewe limepita ila mshtuko wake haujanitoka.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa hapahapa mtaa wa Kikuyu. Nimezaliwa mjini, ng'ombe nilikuwa nawaona wakivushwa barabara tu. Mume wangu ni fundi umeme, kwao ni kijijini, njia ya kwenda Mtera, na ni wafugaji hasa. Nilipoolewa kule nilipendwa. Hilo mlishike, maana mkisikia habari ya mama mkwe na chakula najua mnawaza nini. Naona mnacheka! Hapana. Yule mama alinipenda.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka pia, tena ikiwa imeshaanza kucheza. Maneno yakaanza. Mara nimerogwa, mara ni kukanyaga cherehani kutwa nzima. Mama mkwe peke yake hakusema neno baya. Aliniambia, "Mwanangu, umekonda mno, huna damu. Ukishika tena mimba uje kwangu nikunyweshe maziwa kila siku, itashika."

Nilipopata ya tatu nikaenda. Asubuhi anakamua mwenyewe, ananiletea kikombe kina povu, kina joto la ng'ombe bado.

"Kunywa hivyo hivyo," ananiambia. "Ukiyachemsha umeyaua nguvu."

Nakunywa. Wifi zangu wanakunywa, watoto wao wanakunywa, mume wangu akija mwisho wa wiki naye anakunywa. Nikirudi mjini nafungiwa dumu la mgando wa maziwa yale yale. Ndugu zangu, nawaambia, nilinenepa! Wateja wangu wakawa wananiuliza napaka mafuta gani.

Halafu ikaja homa. Ilianza kama uchovu tu. Jioni mwili unachemka, nalowa jasho mpaka shuka unaweza kuikamua, asubuhi niko mzima nimekaa kwenye cherehani. Baadaye viungo vikaanza kuuma, na kiuno kama nimepigwa na mchi. Nikapima malaria, hakuna. Nikapewa dawa za mkojo, nikamaliza, homa ikaondoka kidogo ikarudi. Mama mkwe akipiga simu nikamwelezea, anasema, "Pole mwanangu, ongeza maziwa." Naongeza.

Siku moja nikiwa nakata kitambaa, maumivu yakanishika chini ya kitovu. Nikatazama, nikaona damu. Nikamwita jirani yangu, dada mmoja anayeuza vitumbua, yule mnayemwona hapo nyuma anajificha na mtandio. Nikamwambia, "Dada, inatoka tena."

Akasema, "Haitoki. Lala hapo." Kwa sauti ile, kama vile ni yeye anayeamua. Akasimamisha bajaji, akanishika kichwa mapajani mwake mpaka hospitali.

Nikapokelewa na daktari msichana mdogo kabisa. Baada ya kunitundikia dripu, damu ikiwa imetulia na mtoto bado anacheza, akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, huko nyumbani unakula nini?"

"Vizuri tu daktari. Ugali, mlenda, nyama ikipatikana. Na maziwa, maziwa nakunywa sana."

"Yanachemshwa?"

"Hapana, mabichi. Yametoka kwetu, si ya kununua."

Akaacha kuandika. Akanitazama. Akaagiza damu yangu ipimwe upya.

Majibu yaliporudi alivuta kiti akakaa karibu yangu, na daktari akivuta kiti ujue kuna jambo. Akasema, "Una homa ya kutupa mimba."

Jina lenyewe, ndugu zangu! Nilihisi kama amenimwagia maji ya barafu. Nikasema, "Huo si ugonjwa wa ng'ombe?"

"Ni wa ng'ombe na mbuzi, na sisi watu pia unatupata. Mara nyingi unapita kwenye maziwa mabichi. Na mgando wa maziwa ambayo hayakuchemshwa ni vilevile."

"Mbona tumekunywa ukoo mzima? Mbona mimi?"

Akanieleza kwamba yeyote anaweza kuugua, wengine wanao bila kujijua, lakini mjamzito kinga ya mwili wake inakuwa imelegea, na ugonjwa kama huo unaweza kumfuata mtoto tumboni. Akawataja na wengine ambao chakula kikiwa na vijidudu kinawaumiza kuliko wenzao: watoto wachanga, wazee, wenye sukari, wanaoishi na virusi, wanaotibiwa saratani. Nilikuwa namsikia kwa mbali, maana kichwa changu kilikuwa kimeshakimbilia kwingine. Nikamuuliza, "Na zile mbili za mwanzo? Zote nilikuwa nakwenda kule kusalimia, zote nilikuwa nakunywa."

Alikunja karatasi ya majibu. Akasema, "Mama, siwezi kukwambia ndiyo na siwezi kukwambia hapana. Wakati ule haukupimwa."

Hapo ndipo... nivumilieni kidogo.

Sikulia. Watu wanadhani mtu akishtuka analia. Mimi nilikaa natazama dripu inavyodondoka, nawaza kikombe. Kile kikombe chenye povu, na jinsi nilivyokuwa nakinywa chote ili nisimvunje moyo.

Mume wangu alipofika tukampigia mama yake simu, sauti imefunguliwa.

"Mama, kuna ng'ombe ametupa mimba hapo nyumbani?"

"Wapo. Yule mwekundu ametupa, na yule wa pembe fupi ametupa. Kwani vipi?"

"Nao mnawakamua?"

"Sasa nisipowakamua hao nitamkamua nani?"

"Na walipotupa, nani aliwahudumia?"

"Mimi, kwa mikono yangu hii. Mwanangu, kuna nini? Mke wako yuko wapi?"

Mume wangu akamweleza kwa kifupi alichosema daktari, akakata simu. Nikamwambia, "Mama yako asije hapa. Sitaki kumwona."

Alikuja. Aliingia wodini hana mfuko wala dumu, akakaa chini sakafuni pembeni ya kitanda changu. Shikamoo niliitoa kwa tabu, nimegeukia ukutani. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo ni mimi? Ni mimi niliyekuwa nawamaliza wajukuu zangu?"

Nikaendelea kutazama ukuta. Kusema ndiyo ni kumuua, na kusema hapana sikuweza. Tukakaa hivyo mpaka wageni wakaambiwa muda umekwisha. Akajaribu kuinuka, magoti yakagoma. Akashika chuma cha kitanda, akajikaza, akarudi chini. Nikageuka.

"Mama, magoti yameanza lini?"

"Ah, uzee tu. Na kiuno. Na vihoma vya jioni, nikilala nalowa jasho, asubuhi kimeisha."

Ndugu zangu, nilikaa kitako kitandani mpaka dripu ikavutika. Ugonjwa anaoueleza ni wangu, neno kwa neno! Na yeye alishamaliza msimu mzima nao, anachunga, anakamua, anasema ni uzee. Hasira yote niliyokuwa nayo sijui ilikwenda wapi. Nikapiga kelele, "Nesi! Nesi, mpimeni mama yangu!" Sikusema mama mkwe. Nilisema mama yangu.

Alikuwa nao.

Tulitibiwa wote wawili. Dawa zenyewe ni za wiki nyingi, na ukijisikia nafuu usithubutu kuziacha. Tukawa tunakumbushana kwa simu, mimi namuuliza yeye kameza, yeye ananiuliza mimi. Bwana mifugo akaenda kupima zizi, na wale waliokutwa na ugonjwa wakaondolewa. Mama aliumia sana kumpoteza yule mwekundu, ila hakubisha.

Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, mdogo, nilimwogopa hata kumshika. Lakini alilia. Ndiye huyu anayewavurugia viti huko mbele.

Namshukuru daktari yule kwa kuuliza ninakula nini. Namshukuru dada yangu wa vitumbua, na mume wangu ambaye hakunitaka nichague kati yake na mama yake. Na mama mkwe mwenyewe amekuja leo, yupo pale karibu na mlango. Jana nilimwambia kwamba naweza kusimulia bila kumgusa. Akaniambia, "Sema yote. Kuna bibi mwenzangu atakuwa amekaa pale, ana kikombe mkononi na nia njema kama mimi."

Kwa hiyo namsemea huyo bibi. Hatukatazi maziwa. Yachemshe mpaka yapande, ndipo umpe mtu au uyagandishe. Nyama iive mpaka ndani. Ng'ombe akitupa mimba usimshike kwa mikono mitupu; mwite bwana mifugo. Na ukimpelekea kikombe mjamzito, au mtoto, au mzee wako, yeye hataweza kukikataa kwa sababu anakupenda. Basi umsaidie wewe: kabla hajakipokea, mwambie yameshachemka, na iwe kweli.