Rogathe, Aliyeizungushia Chemchemi Miti

Mimi Hezroni sikusoma. Haya nimeyasema kwa mdomo, binti yetu Fortunata ameyaandika kama nilivyoyasema.

Marehemu Rogathe alizaliwa Mbaga tarehe 14 Machi 1951. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili amlee mdogo wake. Barua zangu zote aliniandikia yeye.

Tulifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 1972. Nilimpata chemchemini. Nimeinama nakunywa kwa mikono, akasimama nyuma yangu na ndoo, akasema, "Kaka, bakiza, na wengine wana kiu."

Alilima kahawa na tangawizi. Mwaka 2013 alikwenda semina ya miti mjini Same, akarudi na miche kumi na miwili ya mkaratusi chotara. Huku kwetu chemchemi zote za zamani zimezungukwa na miti, basi akaamini miti ndiyo huleta maji. Akaipanda kuizunguka chemchemi yetu. Mwaka mmoja tu, ikapita paa la nyumba. Wa tatu, ukitaka kuona kilele sharti ushike kofia. Chini yake hapakuota hata jani. Sote tuliisifu. Mwaka wa saba ndoo moja ilichukua nusu saa kujaa.

Mwamvita, anayelima mpunga chini bondeni, kijiji cha Kisiwani, kwa maji yanayotoka huku, alipanda mlima kuuliza yamekwenda wapi. Rogathe akamwonyesha miti. Mwamvita akaitazama, akasema, "Hawa si miti, shoga. Ni walevi."

Marehemu hakucheka. Wiki ile ile aliikata yote. Lakini mkaratusi ukiukata haufi. Kila kisiki kilitoa machipukizi matano, sita, yakakimbia kuliko mti wa kwanza, maana mizizi ilikwishafika majini. Miaka minne alikwenda na panga kila Jumamosi. Alisema hatakufa kabla visiki havijakauka.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuvimba miguu. Daktari akasema ni moyo. Septemba akalazwa. Kila nilipofika aliuliza jambo hilo moja. Jumapili tarehe 3 Novemba 2024 asubuhi akaniuliza tena, "Baba Wilbard, vimechipua?"

Nikamjibu, "Vimekauka, mama. Vyote."

Akamshukuru Mungu, akafumba macho. Saa nne akafariki.

Haikuwa kweli. Jana nimekwenda. Machipukizi yamenipita urefu, chemchemi ni tope. Maji mliyonawa leo yamekuja kwa bodaboda. Na vuli ndiyo kwanza imeanza; mvua itayanywesha machipukizi hayo kabla yetu. Kesho Wilbard na majirani watakuja na sululu kung'oa visiki. Sijui mizizi imefika wapi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Wilbard na Fortunata, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Apumzike Rogathe kwa amani, na haya asiyasikie.