Shangazi na Samaki Waliochelewa Kukua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwalisha, kuwahesabu na kuwakemea samaki, mtunza matangi wetu, ambaye maabara nzima humwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu anaondoka na afya yake, macho makali, na ulimi ambao haujapata kuomba likizo.

Alipoajiriwa, samaki wetu wadogo wenye mistari walikuwa na matangi kumi na mawili tu, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Leo matangi ni mia nne, na wakurugenzi watatu wamekwisha fukuzwa humo kwa kuingia na viatu vichafu.

Wenzetu wa ofisi nyingine wataniwia radhi nikieleza kazi yenyewe. Kiinitete cha samaki huyu ni kiangavu kama kioo, hata mishipa huonekana ikichipua. Mishipa ya limfu, inayoondoa maji yaliyozidi mwilini, huanza kwa chembe hai chache zinazojitenga na mshipa wa damu, kisha zikafuata kichocheo cha ukuaji mithili ya wageni wanaofuata harufu ya jikoni. Kichocheo kikikosekana, mishipa haijengeki, na samaki huvimba.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, binti mmoja, mwanafunzi wetu wa uzamivu, alizima kichocheo hicho katika kundi moja la viinitete, la pili akaliacha salama ili alinganishe. Siku ya tano ikafika, na makundi yote mawili hayakuwa na mishipa ya limfu. Kazi ya miaka minne ilikuwa inakwenda na maji. Binti alikwisha andika barua ya kuacha masomo.

Shangazi akainamia darubini, akatangaza kwamba hao hawajatimiza siku tano hata kalenda ikila kiapo, kwani taya zao zilikuwa bado za kitoto. Akamwuliza binti tangu lini mkate usipoiva ukalaumiwa unga kabla tanuri halijaguswa. Kabati la joto lililolea viinitete likapimwa upya: digrii tano pungufu, ilhali kipimajoto chake kilidai mambo ni shwari. Joto likarekebishwa. Baada ya siku mbili kundi salama likachora mishipa yake waziwazi. Lililonyimwa kichocheo likavimba tu. Barua ikachanwa, na binti yule leo ndiye mkuu wa maabara yetu.

Kipimajoto kile nilikitoa mimi, mtunza stoo, bila kukijaribu. Shangazi alilijua hilo siku ileile. Hakunitaja kwa yeyote. Alichofanya ni kuja dirishani kwangu kila Jumatatu, miaka kumi na mmoja, kuniuliza kwa upole vipimajoto vyangu vimeamkaje. Sasa anaondoka, nami naona aibu kubaki nimesitirika kwa gharama ya ukimya wake.

Ahsante, Shangazi. Mola akusitiri kama ulivyonisitiri, akujaalie siku nyingi zenye joto la kutosha, na kalenda isikuharakishe kamwe.